D.O.A. yangu niliuziwa bila mkia

Mtu akikuuzia muvi ya mauaji halafu dakika za mwisho hazimo, huo kama si wizi ni nini? Nauliza kwa hasira, mnisamehe.

Juzijuzi nilipeleka flashi kwenye kibanda cha muvi mtaani kwetu, nikaomba D.O.A. ile ya 1950, ya Edmond O'Brien, isiyo na rangi. Ni picha ya bajeti ndogo na haijifichi. Ila mwanzo wake jamani! Mtu anaingia polisi kwa miguu yake kuripoti mauaji. "Aliyeuawa nani?" "Mimi." Kawekewa sumu kwenye kinywaji huko San Francisco, dawa hakuna, na muda uliobaki anamsaka aliyemmaliza. Anaonyeshwa ile sumu kwenye kichupa, inawaka gizani kama kimulimuli. Chai yangu niliisogeza pembeni. Halafu anatoka mbio Market Street akiwapiga watu vikumbo, na wale hawakulipwa kuigiza, ni wapita njia na hamsini zao.

Sasa yuko Los Angeles, bastola mkononi, anapanda ngazi... pap! Kioo cheusi.

Nikarudi kibandani. Kijana hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Dada, si ulishaambiwa mwanzoni anakufa? Mwisho wa nini tena?" Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Eti nikiutaka, niongeze mia tano.

Nilikuwa nimeshaamua kuandika kwamba muvi yenyewe haina maana. Na kweli ina upuuzi: pale hotelini kila wakipita wanawake inapigwa mluzi wa kihuni, sijui nani alimshauri mwongozaji. Lakini nikaitafuta mtandaoni. Kumbe haki miliki yake haikuhuishwa, ipo bure, nzima! Buku langu lilinunua nini?

Nikaimaliza usiku huohuo. Kosa la yule bwana, mhasibu wa watu, ni kugonga muhuri kwenye hati ya mauziano. Basi. Mimi nashinda nagonga mihuri ofisini, usingizi ulinipaa. Na mwisho nilioibiwa ni nini? Polisi wanaligongea muhuri jalada lake: kafika akiwa maiti, "dead on arrival", ndiyo hiyo D.O.A. Hicho ndicho yule mtoto anakiita "mwisho wa nini".

Wamarekani waliiingiza 2004 kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa na taifa, sisi tunaikata mkia. Nimeshaiangalia mara tatu, na kila mara naomba asiinywe ile glasi.

Mia tano sitoi.