Kutoka 265/70R16 hadi 235/85R16: miezi 19 na pikapu ya mizigo, njia ya Natron na Ndutu

Miezi 19 iliyopita nilibadili matairi yote ya pikapu yangu, Land Cruiser HZJ79 yenye injini ya 1HZ, na tangu hapo nimetembea kilomita 31,000. Kabla ya kununua niliuliza watu wengi, na karibu wote walinijibu habari za kashata, yale meno ya tairi: A/T (ya njia zote) au M/T (ya tope), ipi inauma tope, ipi inalipa gari sura. Hakuna aliyeniuliza gari likiwa na mzigo lina kilo ngapi. Sasa najua kwamba swali hilo lilitakiwa kuwa la kwanza.

Kazi yangu ni kupeleka vifaa vya kambi. Natoka Arusha, napita Makuyuni hadi Mto wa Mbu, naingia kulia kuelekea Engaruka, namalizia Engare Sero chini ya Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron. Nyumbu wakianza kuzaa, mwanzoni mwa mwaka, napanda Karatu, napita lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro na kuteremka hadi Ndutu. Kwa hiyo safari moja ina lami, ina changarawe yenye mawimbi kama bati, ina mawe ya volkano yenye makali na miiba ya migunga. Mvua ikinyesha, Ndutu kunakuwa na ule udongo mweusi wa mbuga unaoshika gari na kuligandisha.

Pikapu niliinunua kwa mtu. Nyingi za aina hii zililetwa kwetu zikiwa na 7.50R16, tairi jembamba, refu, lenye tyubu, kwenye rimu ya pete. Mwenyewe wa kwanza aliziondoa akafunga rimu za aloi za inchi 7 na matairi ya 265/70R16 (upana milimita 265, kimo cha ubavu asilimia 70 ya upana, rimu ya inchi 16) yenye maandishi 112S. Yalikuwa mapana, yalijaza madgadi vizuri, na mimi niliyapenda. Nilitembea nayo mwaka mzima bila kusoma hiyo 112.

Siku tairi lilipokufa ilikuwa Oktoba, kama saa nane mchana, tumeshaipita Engaruka kwa nusu saa. Nyuma kulikuwa na madumu 30 ya maji ya lita 20, mahema mawili makubwa, magodoro na mitungi ya gesi. Maji peke yake ni kilo 600. Sikuwahi kuyahesabu kama mzigo, kwa kuwa kichwani mwangu mzigo ulikuwa mahema. Hakukuwa na mlipuko. Nilihisi gari linazama nyuma kushoto, halafu rimu ikagonga jiwe, na nilipofungua mlango harufu ya mpira wa moto ilikuwa imetanda. Ubavu wa tairi ulikuwa umechanika urefu wa kiganja na nyuzi zimechomoza.

Tulifunga spea, tukageuza, tukarudi Engaruka kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa kwa sababu spea ilikuwa moja tu. Fundi pancha wa pale, kijana wa umri wa mwanangu, alilitoa tairi kwenye rimu, akaingiza mkono ndani na kuutoa umejaa unga mweusi, laini kama pilipili manga iliyosagwa. Mimi nilikuwa bado nalilaumu jiwe. Akaninyoshea kiganja.

“Mama, jiwe limemalizia tu. Tairi lilishajisaga lenyewe huku ndani. Upepo mdogo, mzigo mkubwa.”

Akaniomba ruhusa alivue na la kulia, ambalo kwa nje halikuwa na mkwaruzo wowote. Ndani, unga uleule. Nilikaa kwenye jiwe pale kibandani kwake nikitazama tairi zima ambalo lilikuwa limeshakufa, nikawaza mteremko wa Ngorongoro niliouteremka nalo wiki tatu kabla.

Kilichotokea ni hiki. Kinachobeba gari ni upepo, mpira unaushikilia tu. Upepo ukipungua, ubavu unakunjwa na kunyooka kila tairi linapozunguka, mara mamia kwa kila kilomita. Kukunjwa huko kunaleta joto, na joto linaachanisha mpira na nyuzi kuanzia ndani, mahali ambapo huoni. Na mimi, ili gari lisirukeruke kwenye yale mawimbi ya barabara, nilikuwa nimepunguza upepo hadi psi 26 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) mzigo ukiwa nyuma.

Niliporudi mjini nilimwomba mfanyabiashara mmoja wa mahindi anipimie gari kwenye mizani yake, likiwa limepakiwa kama siku ile, mafuta yamejaa na sisi wawili ndani. Gari zima: kilo 3,110. Ekseli ya mbele peke yake: 1,160. Kwa hiyo nyuma ni 1,950, yaani 975 kwa kila tairi kama mzigo umekaa sawa. Haukai sawa. Mitungi ya gesi na spea huwa upande wa kushoto, na barabara nayo inalalia.

Sasa ile 112. Namba hiyo haisomwi kama kilo, ina jedwali lake: 108 ni kilo 1,000, 112 ni kilo 1,120, 116 ni 1,250, 120 ni 1,400. Ukiona namba mbili, kama 120/116, ya kwanza ni tairi likiwa peke yake upande mmoja, ya pili ni yakifungwa mawili mawili kama kwenye lori. Ukichukua 1,120 ukalinganisha na 975 yangu, unaona nafasi ipo. Mimi pia ningeona hivyo. Ila zile kilo 1,120 ni kwa upepo kamili, ambao kwa tairi la aina ile ni kama psi 36. Kwa psi 26 uwezo huo haukuwepo tena. Tena Marekani wana kanuni kwamba tairi la gari la abiria likifungwa kwenye pikapu, uwezo wake ugawanywe kwa 1.1, kwa sababu pikapu hupakiwa vibaya na hupita pabaya. Inabaki kama kilo 1,018. Tairi la kushoto nyuma lilikuwa linaishi ukingoni siku zote, hata siku nilizojaza upepo vizuri.

Kwa hiyo nilitafuta tairi lenye herufi LT mwanzoni, la magari ya mizigo midogo, linaloingia kwenye rimu zangu za inchi 7. Nikafika kwenye LT235/85R16. Hapa kuna mtego ambao nusura uninase. Saizi hiyohiyo moja inatengenezwa kwa nguvu tatu. Yenye herufi C, ambayo mafundi wanaiita plai 6, ni 108, kilo 1,000 kwa psi 50. D, plai 8, ni 114, kilo 1,180 kwa psi 65. E, plai 10, ni 120, karibu kilo 1,400 kwa psi 80. Duka la kwanza waliniletea C na kuniambia, “Dada, saizi si ndiyo hii?” Ni kweli saizi ndiyo hiyo, lakini kwa gari langu ni tofauti ya kufika na kutofika. Duka la pili walikuwa na E, kashata nzuri zinang'aa, ila zile tarakimu nne za mwisho ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, zilionyesha yamekaa stoo zaidi ya miaka mitano. Niliyaacha. La tatu ndiko nilikonunua, A/T, daraja E, yenye umri wa miezi saba.

Chapa siitaji kwa makusudi, maana saizi hii inatengenezwa na wengi, BFGoodrich, Cooper na Maxxis wakiwemo, na ninachokipima hapa ni saizi na uwezo wa kubeba.

Watu waliniambia najirudisha nyuma kutoka 265 hadi 235, kama vile nanunua tairi dogo. Si dogo. Ukipiga hesabu, 265/70R16 ina kimo cha milimita 777, na 235/85R16 ina 806. Limepungua upana, limeongezeka urefu, na difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, imepanda milimita 14 kutoka chini bila kugusa springi. Kimo hicho kinakaribiana sana na ile 7.50R16 ya kiwandani, na hilo lilinifurahisha kuliko yote, maana gia, breki na dira ya mwendo vilipangwa kwa tairi la kimo kile. Zamani dira ikisema 80, simu ilisema 76. Sasa inasema 79.

Kwenye kupanda nilikuwa na wasiwasi. 1HZ haina tabo, na tairi refu linaifanya gia iwe nzito kwa karibu asilimia 4. Kwenye ule mlima wa kutoka Mto wa Mbu, mzigo ukiwa umejaa, sehemu mbili ambazo zamani nilipanda na gia ya tatu sasa naingiza ya pili. Nimezoea. Mtu mwenye injini ndogo alifikirie hilo kabla ya kukimbilia tairi refu zaidi, kama 285/75R16, ambalo kimo chake ni milimita 834.

Njia ya Natron ndiyo iliyonishawishi kabisa. Tairi jembamba lina ubavu mchache unaochomoza, kwa hiyo naweza kulipitisha katikati ya mawe mahali ambapo lile pana lilikuwa linajisugua. Katika miezi hii 19 nimepata pancha tatu, zote za kifuani, mwiba mara mbili na msumari mara moja. Zote zilizibwa kwa utambi wa mpira bila kutoa tairi kwenye rimu. Ubavuni hakuna hata mchaniko mmoja. Kashata zilikuwa milimita 12 zikiwa mpya, sasa ni 7, na nayazungusha kila kilomita 8,000.

Kwenye matope jibu langu si moja. Tope jepesi lenye ardhi ngumu chini yake, tairi hili linakata, linafika chini, linashika. Udongo mweusi wa Ndutu baada ya mvua ya siku mbili hauna chini. Pale lile pana lilikuwa linaelea kidogo na hili linazama. Nimekwama mara mbili ambazo naamini 265 ingepita. Kwenye mchanga na vumbi la majivu huko Engare Sero nashusha upepo hadi psi 30 na kutembea polepole, kilomita 20 hadi 30 kwa saa, kisha naujaza tena kabla sijarudi kwenye changarawe. Kikompresa kidogo cha betri ni sehemu ya bei ya matairi haya. Ukishusha upepo bila kuwa na cha kuurudisha, unarudi kulekule kwenye unga mweusi.

Kasoro zipo. Gari likiwa tupu, tairi la plai 10 ni gumu kama gogo. Safari ya kwanza nilirudi Arusha na upepo wa mzigo, na gari likawa linaruka kwenye kila wimbi hadi shokapu moja ikaanza kuvuja. Siku hizi nikishusha mizigo tu, napunguza upepo wa nyuma. Kwenye lami yenye maji breki zinataka umbali zaidi ya nilivyozoea, na hilo nalichukulia kwa uzito, sikimbii kabisa kwenye mvua. Bei ilizidi ile ya 265 za kawaida kwa karibu theluthi. Na E imezidi mahitaji yangu, D ingenitosha kabisa na ingekuwa laini zaidi, ila sikuipata mjini.

Kama una Prado au Fortuner yenye 265/65R17 ya 112, unabeba familia, mabegi na jiko la kambi, sioni sababu ya kufunga plai 10. Utateseka bure na watoto watalalamika kichwa. Lakini kama una pikapu au gari la utalii lililorefushwa, nenda mizani kwanza likiwa limejaa. Soma pia uzito uliochongwa kwenye rimu kwa ndani, maana rimu nyingine za aloi uwezo wake uko chini ya tairi lenyewe. Na kumbuka tairi lenye nguvu haliongezi uzito unaoruhusiwa kwenye bamba la gari. Ekseli na breki hazijabadilika.

Nilianza na matairi matano, spea ya pili ikabaki ile 265 ya zamani. Hilo lilikuwa kosa. Milimita 29 za tofauti ya kimo kwenye ekseli moja zinaifanya difu izunguke kwa nguvu muda wote, na fobai (kuendesha kwa magurudumu yote manne) haifai kuwekwa kabisa mpaka ulitoe. Tairi la sita nimelinunua mwezi uliopita, lina namba ileile 120/116, na limefungwa upande wa kulia kusawazisha mitungi ya gesi. Ndani ya mlango wa dereva nimeandika kwa rangi nyeupe, ili yeyote atakayeliendesha asome kabla ya kuwasha: MBELE 40. NYUMA NA MZIGO 55. NYUMA TUPU 38.