Hita ya mafuta kwa baridi ya Lushoto: uzoefu wangu

Ukiwaambia watu wa Tanga mjini kwamba umenunua hita, wanakushangaa, maana kwao feni haizimwi. Waje Lushoto mwezi wa saba. Huku tuko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, ukungu unashuka mapema, na mama yangu ni mtu mzima mwenye pumu. Msimu wa baridi uliopita nilimnunulia hita ya umeme ya mafuta, ile yenye mapezi kama redieta ya gari, wati 2,000, mtumba wa Ulaya. Kwa ujumla nimeridhika nayo. Ila kuna maneno yanayosemwa madukani ambayo yanawaumiza wanunuzi, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Muuzaji aliniambia, "Dada, hii haili umeme, ni ya Ulaya, cheki stika." Kweli palikuwa na stika ya kijani yenye herufi A. Nilimjibu, "Kaka yangu, kitu cha kupasha joto kwa umeme kitaachaje kula umeme?" Uniti moja ikiingia, joto linalotoka ni la uniti moja, iwe hita ya mafuta, ya feni au ya waya mwekundu. Hayo mafuta ndani ya mapezi hayaungui wala hayaongezwi, kazi yake ni kushika joto tu.

Lebo yenyewe ipo, si uongo. Umoja wa Ulaya ulianza kuweka lebo kwenye hita za vyumbani mwaka 2018, A++ ikiwa juu na G chini, ila hita za umeme hazimo kwenye lebo hiyo. Na hata zingekuwamo, hesabu yao ya wakati huo ilirudi nyuma hadi kwenye mtambo wa kufua umeme: kila uniti ya umeme ilihesabiwa kuwa imekula uniti 2.5 za nishati huko ilikotoka. Kwa hesabu hiyo hita ya kuchomeka ingeishia karibu na alama 40, wakati A inaanzia 88. Kwa hiyo stika ya A kwenye hita kama yangu haihusiani na hita, na ukiuziwa kwa bei ya juu kwa sababu yake umeibiwa. (Hiyo 2.5 nayo ilikuwa ya kwao. Sisi mkoani kwetu tuna mitambo ya maji ya Hale na Pangani, haichomi kitu.)

Kitu cha maana walichofanya ni kingine. Kuanzia 1 Januari 2018 hadi kanuni ilipobadilishwa katikati ya 2025, hita mpya ya umeme ya kuhamishika iliyouzwa kwao ilikuwa lazima ifikishe asilimia 36 kwa hesabu ileile, na isingefika kama haina kifaa cha kudhibiti joto. Ndiyo maana mimi siangalii stika, naangalia themostati. Yangu ina kitufe cha kuzungusha, namba 1 hadi 6. Tunawasha kwenye 6 chumba kikiwa baridi, kikishapata joto tunarudisha 3. Baada ya hapo unasikia "tik", taa nyekundu inazimika, mapezi yanaendelea kutoa joto bila mita kusogea, halafu "tik" tena inawaka. Nilisoma LUKU kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku, mlango na dirisha vimefungwa: ziliondoka uniti nne na ushee. Ingekuwa inawaka mfululizo zingeondoka sita.

Sasa pesa. Kwa sisi tunaolipa kama shilingi 356 kwa uniti, kodi zikiwamo, jioni moja ni shilingi 1,500 hivi. Si kidogo. Na wewe uliye kwenye tarifu ya chini, ile ya uniti 75 kwa mwezi, piga hesabu kabla hujanunua: hita ya wati 2,000 ikiwaka bila kupumzika inazimaliza zote kwa saa 37 na nusu, na ukivuka hapo bei ya uniti inapanda zaidi ya mara tatu. Hita hii si ya kupasha nyumba nzima. Ni ya chumba kimoja, cha mgonjwa, mzee au mtoto mchanga.

Lawama yangu kubwa ni plagi. Ilikuja na ile ya Ulaya ya pini mbili za duara, na dukani nikapewa adapta ya bei rahisi. Usiku wa kwanza adapta ilianza kunuka plastiki, nikaizima palepale. Hita ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9, na adapta zile nyingi hazipitishi ethi, kwa hiyo bati lote la hita linabaki bila kinga. Fundi alikata akafunga plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya 13. Usiichomeke kwenye ekstensheni hata kidogo.

Pamoja na gharama hiyo, ningeinunua tena, na sababu ni jiko la mkaa. Huku wengi wanaliingiza chumbani usiku, wakiamini mkaa ukishakolea hauna moshi basi hauna madhara. Gesi ya monoksidi ya kaboni haionekani wala hainuki, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, mtu analala haamki. Ulaya, tangu Januari 2022, jiko jipya la kuni la kupashia chumba, lile lenye mlango na bomba la moshi, haliruhusiwi kutoa zaidi ya miligramu 1,500 za gesi hiyo kwa kila mita ya ujazo ya moshi, na vumbi lisizidi miligramu 40. Na moshi huo unatoka nje kwa bomba! Jiko letu halina bomba, kila kinachotoka kinabaki na aliyelala. Kama umeme huuwezi, ongeza blanketi, lakini jiko libaki nje.

Ukienda kununua ya mtumba, ilaze ubavu uangalie chini ya mapezi: doa la mafuta, iache. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako na uzungushe themostati hadi usikie inajizima. Isipojizima, hata ukipunguziwa nusu bei, usiichukue.