Peugeot 2008 ya 1.2 PureTech iliyotumika: mkanda unaooga oili, na hesabu yake Malindi

Peugeot 2008 (hilo ni jina la modeli, si mwaka) ya injini ya petroli ya 1.2 PureTech ikishuka bandarini Mombasa kutoka Japani au Uingereza na kuletwa Malindi, huwa imeng'arishwa hadi unajiona kwenye mlango. Kiyoyozi kinagandisha vidole, viti havina doa, na bei inavutia ukiipanga kando ya Toyota au Honda ya mwaka huohuo. Unafuu huo una sababu, nayo imekaa chini ya kifuniko cha kujazia oili.

Injini hii ina silinda tatu, sisi 1199, na nyingi zenye turbo zinatoa nguvu farasi 110 au 130. Mkanda wake wa taimingi, unaounganisha kranki na kamshafti, haukai pakavu nyuma ya plastiki kama tulivyozoea. Unazunguka ndani ya injini yenyewe, umelowa oili usiku na mchana. Wahandisi walitaka kupunguza msuguano na kelele, na hilo walilipata. Walichokipata pamoja nalo ni mpira unaoloweshwa na oili, na oili hiyo hubeba petroli.

Vijiweni utasikia kwamba Peugeot ziliharibika baada ya kuungana na Wataliano na Wamarekani. Kwa tatizo hili, lawama hiyo imekosea mlango. Stellantis, kampuni inayoimiliki Peugeot sasa, ilizaliwa Januari 2021, PSA ya Ufaransa, iliyokuwa mama wa Peugeot, ilipoungana na Fiat Chrysler. Injini ilikuwa sokoni tangu 2012, na ya turbo tangu 2014, kazi ya PSA peke yao. Tena kuanzia 2015 hadi 2018 ilitwaa tuzo ya injini bora ya mwaka katika kundi la lita 1.0 hadi 1.4, mara nne mfululizo. Majaji walipewa injini mpya. Mkanda wa miaka sita hawakuuona.

Ununuzi na miungano ilichofanya ni kuueneza ugonjwa na kuirithisha bili. PSA walipoinunua Opel mwaka 2017, injini hiyo iliingia kwenye Corsa pia, kwa hiyo anayekimbilia nembo ya Opel akidhani amekwepa, amezunguka nyumba akaingia mlango wa uani. Malalamiko yalipozidi, Stellantis walitangaza 2024 kwamba uharibifu wa mkanda na ulaji wa oili utagharimiwa hadi miaka 10 au kilomita 175,000. Ahadi hiyo ilitolewa kwa wateja wa Ulaya, na inadai rekodi kamili za sevisi. Gari la mtumba lililopita mnadani usilinunue kwa kuitegemea.

Sasa hesabu inayomhusu mnunuzi wa huku. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Mkanda huu mwanzoni ulipewa umri wa miaka 10 au kilomita 175,000. Baadaye kiwanda chenyewe kikashusha hadi miaka 6 au kilomita 100,000, chochote kitakachotangulia. Wengi wetu hununua gari la miaka sita, saba, ili ushuru upungue. Maana yake, gari linapokanyaga lami ya Mombasa mkanda wake tayari umepitwa na wakati, hata kama mita inasoma kilomita 40,000. Muuzaji atakuonyesha mita kwa fahari. Wewe angalia mwaka.

Mkanda wenyewe hufa hivi. Injini inaponyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, sehemu ndogo hupenya kwenye ringi na kushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Safari ndefu huipasha oili moto hadi petroli ile inageuka mvuke na kutoka. Safari fupi huiacha humohumo. Joto letu la pwani linasaidia kidogo, kwani injini hapa haianzi asubuhi ikiwa barafu kama Paris. Lakini gari la kutoka Shella hadi sokoni, sokoni hadi Majengo, kisha kukaa linanguruma na kiyoyozi likimsubiri mtu benki, halipati nafasi ya kukausha oili yake. Petroli huulainisha mpira. Mkanda unavimba na kupanuka, mgongo wake unapasuka nyufa za kukingama, na kingo zinaanza kutoa makombo meusi.

Makombo ndiyo hatari yenyewe, kwa kuwa kwa kawaida hufanya kazi yao kabla mkanda haujakatika. Huteremka hadi kwenye wavu wa chujio la pampu ya oili, chini ndani ya sampu, na kuuziba kama machicha yanavyoziba kung'uto. Presha ya oili inashuka. Turbo, kamshafti na beringi za kranki zinaanza kukauka. Makombo mengine huenda kwenye solenoidi zinazorekebisha kamshafti, na mengine kwenye pampu ya vakyumu inayosaidia breki. Hapo mguu unakanyaga pedeli ikiwa ngumu kama ubao. Ni kwa sababu ya breki hizo PSA waliwahi kuyaita magari haya karakana huko Ulaya.

Ukienda kukagua gari, nenda asubuhi na umwambie muuzaji asiliwashe. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha oili na umulike kwa tochi ya simu: mkanda utauona pale pale, hakuna kingine cha kufungua. Mkanda mzima una mgongo laini wenye rangi moja na kingo zilizonyooka kama zimekatwa kwa wembe. Mbovu una mistari ya nyufa, umeng'aa kama kandambili kuukuu, na kingo zimetoka nyuzi. Kuna kipimo maalumu cha upana kinachoingizwa kwenye tundu hilohilo. Kisipoweza kuupisha mkanda katikati, umeshavimba, na mjadala umekwisha. Fundi anayesema anazijua Peugeot hizi na kipimo hicho hana, bado hajazijua.

Kisha toa kijiti cha oili, kipanguse kwa karatasi nyeupe, unuse. Harufu ya petroli, au oili iliyopanda juu ya alama ya mwisho, inakwambia gari limekuwa la safari fupi. Jaribu na breki: injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara nne tano hadi pedeli iwe ngumu, iache chini ya mguu, washa. Inapaswa kuzama kidogo. Isipozama, pampu ya vakyumu haivuti. Mwisho unganisha mashine ya kompyuta ya kusoma hitilafu. Msimbo wa hitilafu wa presha ya oili, au P0011 wa kamshafti kutotii, uliofutwa jana hautaonekana leo, kwa hiyo liendeshe hadi Mambrui na kurudi kabla ya kusoma tena.

Upande wa bili, mkanda peke yake si kitu cha kumfilisi mtu. Kinachopandisha gharama ni hatua uliyofikia ugonjwa. Mkanda ukiwa umechoka lakini haujamwaga makombo, ni kazi ya siku moja: mkanda mpya, tensheni yake, boliti ya puli ya kranki mpya (ya zamani hairudishwi), oili na filta. Makombo yakishaingia, sampu lazima ishuke, chujio libadilishwe au lioshwe hadi wavu uonekane tundu kwa tundu, solenoidi zitolewe, na pampu ya vakyumu ifunguliwe. Ukisikia bei ya kubadilisha mkanda bila kushusha sampu kwenye gari lenye nyufa, unauziwa nusu ya kazi kwa bei ya kazi nzima. Hatua ya tatu ni taa nyekundu ya oili ambayo dereva aliendelea nayo "hadi nifike tu". Hapo mnazungumzia turbo, beringi, pengine injini nzima ya mtumba, ambayo nayo inakuja na mkanda wa umri uleule.

Kazi hii haifanywi kwa alama ya chaki. Inahitaji pini za kufungia flaiwili na kifaa cha kushikilia kamshafti, na boliti hukazwa kwa spana ya kupimia kisha kwa digrii. Mafundi wa Malindi ni hodari, injini za Toyota wanazifungua wamefumba macho, na hapo ndipo wengine wanapoteleza: mazoea ya injini moja yanahamishiwa nyingine. Kabla ya kuacha ufunguo, omba kuziona hizo pini. Hazipo? Lipeleke gari Mombasa, mwendo wa kilomita kama 120, na ulipeleke kabla taa haijawaka.

Jambo dogo linaloharibu kazi nzuri ni silikoni. Sampu hufungwa kwa silikoni, na fundi mwenye huruma hupaka nene ili isivuje. Ziada inayobinyika ndani hukatika baadaye na kwenda kuziba chujio lilelile mlilolisafisha. Uzi mwembamba unatosha. Oili ya kwanza baada ya ukarabati imwagwe mapema, kilomita 1,000 hadi 1,500, kwani itakuwa imeokota makombo yaliyojificha.

Oili ndiyo nusu ya tiba. Tafuta kopo lililoandikwa idhini ya PSA B71 2312, ambayo ni 0W-30, au ile ya baadaye, FPW9.55535/03. Kuandikwa "full synthetic" kwa herufi za dhahabu hakutoshi. Isome nyuma ya kopo. Injini inachukua karibu lita 3 na nusu pamoja na filta, kwa hiyo hata oili ya bei ghali huhitaji nyingi. Usikubali kuwekewa 20W-50 kwa hoja kwamba pwani kuna joto. Oili hiyo haikupimwa na mpira huu, na ni nzito kwa njia nyembamba za injini hii. Dawa za kuosha injini kwa ndani, zile za kumimina dakika kumi kabla ya kumwaga oili, zikae mbali kabisa: ni viyeyushi na zinaushambulia mpira.

Muda wa kubadilisha ulioandikwa kwenye vitabu vya Ulaya ni mrefu mno kwa matumizi yetu. Anayekwenda Watamu na kurudi kila siku ya kazi anamaliza kama kilomita 15,000 kwa mwaka. Abadilishe kila 10,000 na atakuwa salama. Gari la mjini tu libadilishwe kila 7,500 au miezi sita. Na gari linalolazwa Mokowe wiki nzima nzima mwenyewe akiwa Lamu kisiwani, ambako gari halina kazi, lihesabiwe kwa miezi, si kwa kilomita. Safari ya Mokowe yenyewe ni nzuri kwa oili, zaidi ya kilomita 200 bila foleni. Ila kupoteza presha ya oili baina ya Garsen na Witu si pahali pa kungoja kivutaji, kwa hiyo mkanda ukaguliwe kabla ya safari hiyo. Ni dakika mbili na tochi.

Mengine ya gari hili ni ya kusifiwa kwa haraka. Gia ya otomatiki ya kasi sita imetengenezwa na Aisin wa Japani na ni imara. Ibadilishiwe oili kila kilomita 60,000 hata kama wameandika ni ya maisha. Zile za mwanzo zenye gia ya ETG, ambayo ni manyuali inayojibadilisha yenyewe kwa kigugumizi, ziache zilipo. Nguvu iko chini kabisa, Nm 205 kwa mizunguko 1,500 kwenye ile ya farasi 110, hivyo haichoki ikibeba watu wanne na mizigo. Barabara ya Marafa itakudai filta ya hewa mara mbili ya kawaida, kama inavyomdai kila mtu.

Kukimbia ndani ya familia hiyohiyo hakukuondoi kwenye gharama. Dizeli ya 1.5 BlueHDi ina mnyororo mwembamba wa milimita 7 baina ya kamshafti, uliokuja kunenepeshwa hadi 8 baada ya kukatika kwa watu, na tangi lake la AdBlue, maji ya kusafisha moshi, ni ghali. Petroli ya 1.6 turbo, ile iliyokuwa kwenye 3008 zilizounganishwa Thika kuanzia 2017, inatumia mnyororo, lakini ina ulaji wa oili, masizi kwenye valvu na nyumba ya themostati ya plastiki inayovuja. Iliyorekebishwa kweli ni 1.2 ya haibridi ya volti 48 iliyotoka 2023. Hiyo ina mnyororo badala ya mkanda, na kwa mtumba wa Kenya bado ni changa na ghali.

Wazee wanaolinganisha haya na 504, zilizounganishwa hapahapa Kenya hadi 2004, wana haki ya kuguna. Ile ilisamehe oili yoyote. Hii haisamehi.

Kwa anayefanya safari za Mombasa mara kwa mara, mwenye fundi mwenye pini na uvumilivu wa kusoma nyuma ya kopo, 2008 hii inafaa, kwa sharti moja la bei: gharama ya mkanda, chujio na kushusha sampu itolewe kwenye bei ya muuzaji, na kazi ifanyike wiki ya kwanza, kabla hata ya kununua mazulia ya miguuni. Muuzaji akisema mkanda ulishabadilishwa, aonyeshe risiti yenye tarehe, kilomita na namba ya chasisi. Akisema fundi alitazama akaona bado mzuri, fungua kifuniko mbele yake, mkutazame pamoja.