Kitabu cha buku tano: uzoefu wangu na To Kill a Mockingbird

Jamani nianze na lawama kabisa niitoe kifuani. Hiki kitabu nimekinunua kwa wale jamaa wanaopanga vitabu vya mtumba chini pale Posta, alitaka elfu nane tukaishia buku tano, nikaondoka najiona mjanja. Nimekisoma wiki mbili hivi, sehemu kubwa ndani ya daladala, mpaka nikafika pale watu 12 wa jurii (raia wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia) wanatoka kwenda kuamua kesi, roho juu, nafungua ukurasa... nakuta tayari ni kesho yake. Kurasa nane hazipo! Nikamrudia muuzaji, akaniangalia hivi, "bosi, hicho kitabu cha kusoma au cha kuhesabu kurasa?" Ikabidi rafiki yangu anayefundisha Kiingereza sekondari anipigie picha za kurasa hizo kwenye cha kwake, anitumie WhatsApp. Kwa hiyo hukumu ya mshtakiwa, Tom Robinson, mimi nimeisoma kwenye kioo cha simu kilichopasuka, nimesimama, mkono mmoja nimeshika bomba.

Kwa ambaye hajui, kimeandikwa na Harper Lee, kilitoka 1960, mwaka uliofuata kikachukua tuzo ya Pulitzer. Stori iko Maycomb, kamji ka kubuni huko Alabama, Marekani ya kusini, miaka ya 1930, njaa imewakaba watu na sheria za ubaguzi ziko palepale. Anayesimulia ni Scout, katoto ka kike ka kizungu, tunaanza naye hajatimiza hata miaka 6 na tunaachana naye anakaribia 9. Ana kaka yake Jem, baba yao Atticus ni wakili, mama alishafariki. Atticus anapewa kesi ya kumtetea Tom, mtu mweusi anayesingiziwa kumbaka msichana wa kizungu anaitwa Mayella Ewell.

Sasa ukweli, mwanzo unachosha. Sura kama nane za kwanza ni watoto tu na jirani yao Boo Radley asiyetoka ndani, na Kiingereza chenyewe cha kusini kile kinakatwakatwa mpaka unasoma kwa kutamka ndo unaelewa. Na lile tusi la watu weusi limejaa, hata mtoto analitoa mdomoni kama anaomba maji, mara ya kwanza nilifunga kitabu nikaangalia dirishani. Vumilia lakini, maana huko huko kwenye michezo yao ndo mwandishi anatega kila kitu.

Kila mtu anasifia mahakama na kweli ile sehemu ni moto. Mayella alipigwa upande wa kulia wa uso, maana yake aliyepiga anatumia kushoto, na Tom mkono wa kushoto ulishakufa tangu utotoni, ulinaswa na mashine ya kuchambua pamba. Baba yake Mayella anaambiwa aandike jina, anaandika kwa kushoto! Kesi imeisha hapo kwa mtu mwenye akili. Ila kilichoniumiza mimi ni kaneno kadogo, Tom anaulizwa kwa nini alikuwa anamsaidia yule dada kazi bure, anajibu alikuwa anamwonea huruma, na yule mwendesha mashtaka anamrukia hapohapo, mweusi WEWE umwonee huruma mzungu? Ukumbi mzima unachukia. Nilisoma mara tatu. Yaani huruma inatakiwa ishuke kutoka juu tu, ikipanda ni kosa.

Halafu hukumu, kurasa zangu za simu. Scout anasema jurii wakishamtia mtu hatiani huwa hawamwangalii, na wanaingia hakuna hata mmoja anayemwangalia Tom. Jem, ambaye amejifunza sheria kwa baba yake na ana uhakika wameshinda, ameshika reli ya roshani mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na kila "hatia" inayosomwa mabega yake yanashtuka kama anachomwa. Watoto hao wamekaa roshani ya watu weusi kwa sababu chini kumejaa wazungu. Kwangu mimi hapo ndo Jem anakua, siyo kwenye ndevu. Wale 12 ni watu wa kwao, wakulima wa kaunti yao hiyohiyo.

Asubuhi yake jikoni kumejaa chakula, kuku, nyanya, maharage, hadi chupa ya miguu ya nguruwe ya siki, watu weusi wameleta usiku kumshukuru wakili ALIYESHINDWA. Atticus machozi yanamlenga, anasema waambiwe wasifanye hivyo tena, hali ni ngumu. Hapo na mimi nilipitiliza kituo.

Lakini wa kwangu mimi ni Calpurnia, mama mweusi anayewapikia na kuwalea. Siku moja anawapeleka kanisani kwake, huko watu karibu wote hawajui kusoma kwa hiyo mtu mmoja anasoma mstari wa wimbo wengine wanaufuata, na Scout anashangaa, mbona Cal huku anaongea tofauti? Hajawahi kufikiria kama Cal ana maisha mengine. Nikamkumbuka dada wetu wa kazi, wa Singida, nyumbani alikuwa mkimya, akipigiwa simu na mama yake anaongea Kinyaturu na kucheka mpaka anashika ukuta. Na alikuwa na kikombe chake cha plastiki, cha bluu, hakichanganywi na vyetu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini na mimi sikuwahi kuuliza, mpaka mwaka huu nina miaka 34 nasoma habari za Alabama.

Na ile chai ya akina mama wa kanisa! Wanalia machozi kwa ajili ya kabila la Afrika linaitwa Mruna (mimi Mbantu wa huku sijawahi kulisikia), dakika hiyohiyo mmoja analalamika mfanyakazi wake mweusi ananuna tangu kesi iishe. Hawajamaliza keki Atticus anaingia jikoni, Tom amepigwa risasi akijaribu kutoroka jela, matundu 17.

Malalamiko yangu: Calpurnia huyo huyo na Tom tunawaona kwa macho ya mtoto wa kizungu tu, Tom karibu hasemi nje ya mahakama, na Atticus amesafishwa mno kama mtakatifu. Wenye kukereka na hilo mkasome kile kingine cha Harper Lee kilichotoka 2015, Go Set a Watchman, Atticus wa mle atawakata stimu.

Nyota nne. Zile picha nimezichapisha stationery, nimezibandika kwa gundi mahali pake, na kitabu kiko kwa mpwa wangu wa kidato cha tatu. Amefika pale shimo la mti lenye zawadi za Boo linazibwa kwa saruji, kanuna tangu jana, hataki kuongea na mtu.