Uzoefu wangu wa kuondoa springi na kufunga silinda ya gesi kwenye bunduki ya upepo

Kwa miaka sita nimekuwa nikilenga shabaha kwa bunduki ya upepo ya kukunja mtutu, ya kipenyo cha milimita 4.5, na kwa muda wote huo nguvu yake ilitoka kwenye springi ya chuma. Miezi minane iliyopita niliitoa springi hiyo na mahali pake nikaweka silinda ya gesi, yaani bomba lililozibwa kabisa lenye nitrojeni iliyoshindiliwa, linalofanana kiumbo na lile linaloinua mlango wa nyuma wa gari. Maoni mengi niliyoyasoma kabla ya kununua yalisifu au yalilaumu silinda yenyewe, ilhali kwangu mimi kilichoamua kila kitu ni jinsi ilivyokaa ndani ya bunduki.

Sikubadilisha kwa kupenda vipya. Springi ilikuwa imechoka, na nilipoiviringisha juu ya meza ilikwenda ikiyumba kwa sababu ilikuwa imepinda katikati. Kila nilipofyatua, ililia na kutetemeka hadi shavuni, kwa kuwa springi inapofunguka hujizungusha kidogo na kuisokota bunduki pamoja nayo. Gesi haina msokoto huo. Tena haipotezi nguvu upesi kama springi inapobaki imebanwa, ingawa bunduki iliyokokiwa, yaani iliyokunjwa mtutu ikawa tayari kufyatuliwa, haifai kuwekwa kando kwa sababu yoyote ile.

Kifurushi kilikuwa na silinda nyeusi, bushi (kipande cha mviringo chenye tundu) ya plastiki ngumu ya kukaa ndani ya pistoni, ile sehemu inayosukumwa mbele kubana hewa, bushi ya chuma ya kupokea shafti, yaani fimbo ya silinda, kwa nyuma, na washa (pete bapa za chuma) tatu za unene tofauti. Maelekezo yalikuwa ukurasa mmoja wa michoro, nao haukusema lolote kuhusu usafi wa sehemu ambayo bushi ya nyuma inapaswa kuzama. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa kwa watengenezaji, kwa sababu ndipo nilipokosea.

Siku ya kwanza nilihakikisha kwamba hakuna risasi ndani, nikaitoa bunduki kwenye kitako chake cha mbao, nikaibana kwenye kifaa cha kukandamizia springi na kuanza kuilegeza polepole. Hatua hii haina njia ya mkato, kwani springi iliyobanwa ikiruka humvunja mtu mkono. Nilidhani silinda itakuwa rahisi zaidi kwa kuwa inahitaji kusukumwa milimita chache tu ili pini ya nyuma iingie. Milimita hizo ni chache kweli, lakini nguvu yote ya gesi inakungoja tangu ya kwanza. Niliisukuma, pini ikaingia, nikaridhika.

Kuikoki kulinipa wasiwasi mara moja. Mtutu ulishuka vizuri hadi nusu, kisha ukawa mzito, na ndani nikasikia mkwaruzo mkavu kama wa tupa juu ya chuma. Risasi kumi nilizozipima kwa kifaa cha mwendokasi zilitofautiana kwa mita 14 kwa sekunde, hali mbaya kuliko ya springi iliyopinda. Kwanza niliishuku oringi, pete ya mpira ya kuzuia upepo kuvuja, iliyo kwenye kiungo cha mtutu, nikalaza ukanda mwembamba wa karatasi laini juu ya kiungo hicho na kufyatua kwenye shabaha. Karatasi haikutikisika. Upepo haukuwa unavuja hapo, basi ilinibidi kufungua upya.

Nilipoitoa pistoni, sili yake, yaani kifuniko laini cha mbele kinachozuia hewa kupita, ilieleza kila kitu: upande mmoja ulikuwa umesuguliwa hadi ukang'aa, na upande wa pili bado ulikuwa na wekundu wake wa kiwandani. Kwenye mdomo wa shimo linalopokea bushi ya nyuma palikuwa na ukingo mdogo wa chuma uliobaki tangu shimo lilipotobolewa, mdogo kiasi kwamba sikuuona ila niliuhisi kwa ukucha. Bushi ilikuwa imekaa juu ya ukingo huo badala ya kuzama, ikaegemea upande, shafti ikaegemea pamoja nayo, na silinda ikawa inaisukuma pistoni kwa mshazari dhidi ya ukuta wa bomba.

Niliuondoa ukingo kwa msasa laini uliozungushwa kwenye kijiti, nikafuta vumbi lote, kisha nikajaribu bushi peke yake, bila silinda, mpaka ikazama kwa kidole na kukaa bila kucheza. Nilipitisha msasa pia kwenye kingo za mfereji wa pistoni, nikaweka sili mpya, na nikatumia washa moja nyembamba tu. Silinda yenyewe sikuigusa kwa msasa wala kuibana kwenye vaisi, kwa sababu chombo chenye gesi iliyoshindiliwa hakikwaruzwi, hakitobolewi wala hakipashwi moto.

Grisi nayo inataka kiasi. Nilipaka grisi ya molibdeni kidogo sana kwenye mwili wa pistoni na kwenye shafti, na mbele ya sili sikuweka chochote. Mafuta yakifika kwenye chemba, yaani nafasi iliyo mbele ya pistoni, hewa inayobanwa ghafla hupata joto la kutosha kuyawasha, kama inavyotokea kwenye injini ya dizeli, na moshi na mshindo vinavyofuata huiharibu sili.

Tangu hapo bunduki imebadilika. Mlio wa springi umekwisha, mfyatuko ni mfupi, na risasi za gramu 0.51 zinakwenda kwa wastani wa mita 238 kwa sekunde, zikitofautiana kwa mita nne tu, ambapo kwa springi wastani ulikuwa 225. Hiyo ni takriban jouli 14.4. Ninalitaja jambo hili kwa sababu silinda inaweza kuipandisha bunduki juu ya kikomo cha kisheria bila mwenyewe kujua: Uingereza (England na Wales) kikomo cha kumiliki bunduki ndefu ya upepo bila leseni ya silaha ni futi-pauni 12, karibu jouli 16.3, na Ujerumani ni jouli 7.5 tu. Pima kabla na baada.

Kuna mawili yasiyonifurahisha. Kuikoki ni kuzito tangu mwanzo, si kama springi inayoanza kwa upole, na baada ya risasi hamsini bega langu huhitaji kupumzika. Pia silinda hii haina tundu la kujazia, kwa hiyo ikivuja siku moja itanibidi kununua nyingine nzima, na bei yake ni karibu mara tatu ya springi.

Hata hivyo ningeinunua tena. Juzi, baada ya kumaliza makopo manne ya risasi 500, niliifungua kwa ukaguzi. Bushi ya nyuma ilitoka kwa kuvutwa kwa vidole, shafti haikuwa na mchubuko wowote, na alama ya msuguano kwenye sili mpya ilikuwa imezunguka duara lote kwa upana uleule.