Glacier Deep Archive kwa studio ya picha Nakuru: bei ya kuweka na bei ya kutoa

Glacier Deep Archive ni hifadhi ya Amazon ya mtandaoni kwa data isiyoguswa mara kwa mara. Nimehifadhi humo terabaiti 2 za picha ghafi na video za harusi, kazi ambazo wateja walishachukua. Nilichagua kituo chao cha Virginia, Marekani. Cape Town ni karibu lakini ni ghali zaidi, na data iliyolala haijali umbali. Kuweka ni dola 0.00099 kwa gigabaiti kwa mwezi, yaani kama dola 24 kwa mwaka mzima.

Sasa ngoja uitake. Kwa njia ya bei ya chini unasubiri hadi saa 48 na kulipa kama dola 5. Halafu kuishusha hadi kwenye kompyuta yako: gigabaiti 100 za kwanza kila mwezi ni bure, zilizobaki senti 9 za dola kila moja. Hapo ni dola 171, sawa na kuhifadhi kwa miaka saba. Ukifuta kabla ya siku 180, unalipia siku zilizosalia. Mimi naihesabu kuwa nakala ya siku duka likiungua. Diski mbili za kawaida bado ziko.

Usipakie picha moja moja. Kila faili 1,000 zinatozwa senti 5, kwa hiyo picha 200,000 ni dola 10 kabla hazijalala hata usiku mmoja. Zifunge kwa tar, yaani faili moja kubwa inayobeba faili nyingi. Nilianza na tar za gigabaiti 10, kosa: kwa laini inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, moja huchukua zaidi ya saa mbili, na stima ikipotea katikati rclone, programu ninayopakia nayo, inaianza upya. Za gigabaiti 2 huisha kwa dakika 27. Vipande vilivyokatikia njiani havionekani kwenye orodha ya faili ila vinalipiwa. Weka kanuni ya kuvifuta vyenyewe baada ya siku 7.

Tumia `rclone copy`, kamwe si `sync`, kwani ukifuta folda hapa kwa bahati mbaya, sync itaifuta na kule.

Ndani ya tar huoni kitu, basi kabla ya kupakia hifadhi kwenye kompyuta matokeo ya `tar -tf` (orodha ya faili zilizomo) na sha256 ya kila tar (alama ya kuhakikisha faili haijaharibika). Ukificha data kwa rclone crypt, sehemu ya rclone ya usimbaji, ina manenosiri mawili. Andika yote kwenye karatasi na uiweke nyumbani, si dukani.

Anayefungua kazi za zamani kila mwezi aende Backblaze B2, hifadhi ya mtandaoni ya kampuni nyingine. Kuweka ni ghali zaidi, lakini kwa mwezi unashusha bure hadi mara tatu ya ulichohifadhi.