Draiva ya jumla ya Windows: inatosha printa ikigoma baada ya sasisho?

Leo mezani hakuna printa mpya. Tunaipima draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa. Jina lake ni Microsoft IPP Class Driver, na Windows huiweka yenyewe. Huenda unayo na hujui: umesasisha, umewasha upya, sasa printa inachapa upande mmoja tu na trei ya pili haionekani.

Kama haichapi kabisa, usikimbilie kulaumu draiva. Anza na foleni ya kazi zinazosubiri kuchapwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, itafute Print Spooler, huduma inayosimamia foleni hiyo, kisha bonyeza Stop. Dirisha hilo liache wazi. Sasa nenda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS. Mnaona hapa? Faili ziko mbilimbili: ya SPL ndiyo kazi yenyewe, ya SHD ina maelezo yake, kama vile nani kaituma na inakwenda printa gani. Futa zote, folda uibakishe, rudi ubonyeze Start. Ukifuta kabla ya kusimamisha huduma, Windows itakataa na kukwambia faili inatumika.

Printa imewaka lakini kompyuta inasema Offline? Fungua Printer properties, kichupo cha Ports. Ukikuta WSD, hapo nina shaka napo sana, kwa sababu inategemea kompyuta na printa kutafutana zenyewe kwenye mtandao, na zikipotezana kazi zinalala. Ongeza Standard TCP/IP Port, weka anwani ya IP ya printa. Kwa printa nyingi namba ya poti ni 9100. Kisha kwenye ruta, itengee printa anwani hiyo, la sivyo ikibadilika utarudi palepale.

Tuje kwenye draiva sasa. Kwa printa ya nyumbani yenye trei moja, naipa alama nzuri: haina kifurushi kizito cha kusakinisha wala vidirisha vya kukuuzia wino. Kwa mashine ya ofisini, hapana. Mara nyingi unapoteza kubana pini na kuprinti kwa namba ya siri. Huko weka draiva ya mtengenezaji.

Lakini usiipachike juu ya ya zamani. Futa printa kwanza, kisha Windows na R tena, andika printui /s /t2. Chagua draiva ya zamani, bonyeza Remove, halafu chagua kuondoa draiva pamoja na kifurushi chake. Ukiacha kifurushi, Windows itairudisha ileile. Ikisema draiva inatumika, anzisha upya Print Spooler na uiondoe hapohapo.

Kuliondoa sasisho lenyewe ni hatua ya mwisho, maana linabeba pia viraka vya usalama. Ila kuna wakati kosa ni la sasisho kweli: mwishoni mwa Januari 2025, sasisho la baadhi ya matoleo ya Windows 10 na 11 lilifanya printa kadhaa za USB kutema karatasi zenye maandishi ya ovyo, mara nyingi yakianza na "POST /ipp/print". Rekebisho lilitoka Machi.

Ukimaliza, toa ukurasa wa majaribio. Ukitoka sawa lakini PDF yako ikagoma, iache printa. Shughulika na programu unayofungulia hiyo PDF.